Kumtembelea Mgonjwa Siku ya Alhamisi

Mama mkubwa wangu, Mama Felana, ni mwoga. Simtukani; mgeni akija, yeye mwenyewe hulisema hilo kabla hajataja jina lake. Anaogopa radi. Anaogopa daraja la magogo. Anamwogopa yule komba mwenye kidole kirefu, na akikutana na kinyonga njiani hugeuka akarudi nyumbani, safari ikafia hapo. Binti yake wa pekee alipoolewa na Donasy, kijana wa upande wa ziwani, Mama Felana alilia harusi nzima.

"Unaogopa nini sasa?" mama yangu akamuuliza. "Kijana ana pembe?"

"Watu wa ziwani hawajui miiko yetu."

"Atafundishwa."

"Na asipofundishika?"

Mama akacheka, akampelekea kikombe cha maji ya ukoko wa wali atulize moyo.

Ndiyo maana kijiji kilipomteua mwanamke huyo kuwa mlinzi wa miti, watu walidhani ni mzaha.

Miti yenyewe tunaiita kotofihy. Gome lake ni chungu, na wazee wanaokojoa kwa shida wakinywa maji yake hupata nafuu. Nilipokuwa mtoto, wanunuzi walileta malori hadi mwisho wa barabara, wakanunua gome bila kuuliza limetokaje. Kubandua mti uliosimama ni kazi ya subira, na watu walikuwa na haraka, kwa hiyo waliangusha mti mzima wakauchuna ukiwa chini, kama ng'ombe. Baba Felana alikuwa miongoni mwao, tena fundi. Aliaga dunia akiwa ameuona mlima ukibaki visiki, na sasa amelala katika kaburi la ukoo, na kando yake pameachwa nafasi ya mkewe.

Ilibaki miti michache mikubwa juu ya maporomoko, mahali ambapo malori yasingefika hata kwa uchawi. Hiyo tunaiita miti mama, na ule mkubwa kuliko yote tunauita Bibi.

Kisha ikaja kampuni ya Toamasina, mji wa bandari, na msemaji wake Bwana Andoniaina, mtu mwembamba anayekohoa kabla ya kusema jambo zito. Siku ya kwanza alikohoa sana. Kampuni, alisema, inataka kununua gome mwaka huu, na mwaka ujao, na wakati wajukuu wetu watakapokuwa wazee. Kwa hiyo gome litoke pande mbili za mti zinazotazamana, na pande mbili ziachwe zimevaa, mpaka jeraha lifunge. Miti mama isiguswe kabisa, iachiwe kuzaa mbegu. Sehemu ya kila mauzo ibaki hapa hapa, ilipie kitalu cha miche na mlinzi.

"Na hilo gome linakwenda kwa nani?" mtu akauliza.

"Kwa wazee wa Ulaya. Shida yao ndiyo ile ile."

"Kumbe tutaishi kwa mkojo wa wazungu!"

Watu walicheka mpaka Bwana Andoniaina naye akacheka. Lakini aliposema neno la mwisho hakucheka. "Miti mama ikifa, mbegu hakuna. Pasipo mbegu hatuna cha kusubiri hapa. Tutafunga, tutaondoka."

Wanaume kadhaa walijitokeza kuwa walinzi, kila mmoja akijisifia mkono wake. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchele pembeni akasema bila kuinua kichwa, "Shujaa atalala. Mpeni mwoga, mwoga halali."

Akapewa Mama Felana. Mimi, niliyerudi kutoka chuo kikuu cha Toamasina na shahada ya mimea, nikapewa kitalu. Nilishukuru. Miche haiulizi utaolewa lini.

Mama Felana alizunguka miti mama siku zote isipokuwa Alhamisi. Alhamisi hatulimi wala hatuingii msituni. Ni siku ya wenyewe, wale waliotutangulia. Anayeuvunja mwiko huo wakati mpunga unachanua huleta mvua ya mawe. Bwana Andoniaina alipopanga zamu aliuliza, "Na Alhamisi?" Mzee Tombolahy, mshika fimbo nyekundu ya ukoo wetu, akamjibu, "Alhamisi msitu unajilinda." Sote tukaitikia kwa vichwa, hata mimi na shahada yangu. Haikumjia mtu yeyote akilini kwamba mwiko humzuia yule tu aliyelelewa nao.

Mpunga ulikuwa umeanza kuchanua pale Jumatano moja Mama Felana aliposhuka mlimani akaingia kitaluni mwangu, uso umekuwa wa majivu.

"Bibi amevuliwa nguo," alisema.

"Amevuliwaje?"

"Upande wa mashariki, kutoka kiunoni mpaka matawini. Tangu Ijumaa ukungu mzito umenizuia chini ya maporomoko, sikufika kule juu. Nimegusa jeraha, limekauka kabisa." Alikaa chini katikati ya miche yangu. "Siku nyingine zote nilikuwa pale chini, ningesikia panga. Hajafanya Jumatatu. Hajafanya Jumapili. Mwanangu, mtu huyu anakuja Alhamisi."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi.

Tulikwenda kwa Mzee Tombolahy. Alitusikiliza, na nikaona mkono wake ukiibana fimbo. Naye alikuwa anaogopa, na hilo likanitisha kuliko maneno yoyote.

"Hakuna anayeingia," alisema.

"Akimaliza pande zote Bibi atakufa, baba. Na akimaliza kwa Bibi atahamia kwa wengine," akasema Mama Felana.

"Nimesikia. Wewe umemsahau Bezara?"

Hakuna aliyemsahau Bezara. Nilikuwa mdogo alipoingia msituni Alhamisi kukata kamba za kufungia paa. Jioni ile mawe yalishuka, na mwaka ule tulikula viazi vya mwituni mpaka midomo ikachubuka. Bezara alipokufa ukoo ulimnyima kaburi. Amelala peke yake chini ya shamba la kahawa, kando ya njia, na watu wakifika pale huharakisha hatua. Hata mbwa wetu hapapendi.

"Ukiingia na mawe yakaanguka," Mzee alisema polepole, "hutalala na mumeo. Mimi mwenyewe nitasema hivyo, na nitalia nikisema."

Mama Felana akatoka.

Asubuhi nilimkuta jikoni akifunga wali kwenye jani la mgomba. Kando kulikuwa na sukari kidogo iliyokunjwa kwenye karatasi. Alikuwa amejitanda shuka lake zuri, lile la misiba na maulizo, yaani kujulia wagonjwa hali.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Kumtembelea mgonjwa."

"Nani anaumwa?"

Akaniangalia.

"Mama, ni Alhamisi!"

"Alhamisi watu hawatembelei wagonjwa?"

Wanatembelea. Tena ndiyo siku yenyewe, kwa kuwa hakuna kazi. Meno yake yalikuwa yanagongana.

"Sikati kitu, silindi kitu, sifanyi kazi," alisema, kama anayekariri somo asilisahau. "Nakwenda kumjulia hali. Chuma ni cha kazi, nakiacha nyumbani."

Alitoa pini kwenye shuka. Nikasema nakwenda naye, na mpaka leo sijui nani aliyesema hivyo kwa kinywa changu. Akanivua viatu, kibanio cha nywele, saa, mshipi wenye kifungo. Kisha akaikazia macho miwani yangu.

"Hiyo ni plastiki," nikasema.

"Na vile vimisumari vyake pembeni?"

"Ni vidogo sana, Mama."

"Mvua ya mawe itajuaje kuwa ni vidogo? Vua."

Kwa hiyo niliingia msituni siku iliyokatazwa nikiwa peku na nusu kipofu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashina. Kila kisiki kilikuwa mtu aliyechuchumaa. Kila mzabibu wa mwituni ulikuwa mkono. Mama Felana alinishika kiganja, na cha kwake kilikuwa baridi na kimelowa. Hakuna ndege aliyelia. Nilijiambia kuwa ndege hunyamaza kwenye ukungu mzito, jambo nililolisoma mahali, na halikunisaidia hata kidogo. Niliwaza njia ya shamba la kahawa, na lile rundo la mawe ambalo hakuna aliyewahi kuweka ua.

Tulipokaribia maporomoko tukasikia panga. Ko. Ko. Kisha kimya, kisha ko.

"Turudi," alininong'oneza.

Tukarudi kweli. Tulikuwa tumeshashuka kidogo, mimi nikishukuru kimoyomoyo, ndipo ikaja sauti nyingine nyuma yetu, ya gome likitoka mtini kwa mkupuo mmoja mrefu, kama shuka linalochanwa. Mama Felana alisimama. Nilimsikia akivuta pumzi. Aligeuka, akapanda akitetemeka mwili mzima, akinikokota, mpaka mbele yetu pakawa na kivuli kikubwa ambacho nilijua ni Bibi.

Hakupiga kelele za mwizi. Alikaa chini kwenye majani mabichi, akaweka wali na sukari mbele yake, akaanza maneno ya maulizo kwa ile sauti nyembamba ya kinamama walioingia nyumba yenye mgonjwa.

"Hodi wenyewe. Tumekuja, mikono yetu haina chuma. Tumesikia mgonjwa hakulala vizuri. Pole, Bibi. Pole kwa maumivu. Waliokuumiza hawakukujua."

Panga likanyamaza. Kisha likaanguka, likipiga tawi baada ya tawi, na kutoka juu kwenye ukungu mtu akaanza kumwita Mungu na mama yake kwa zamu.

"Msiniue!" alilia. "Nashuka! Wenyewe, nashuka!"

Aliteleza mpaka chini, akapiga magoti mbele yetu, akajifunika uso. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mgongo wa mama mkubwa, ambaye naye alikuwa amefumba macho. Tulikaa hivyo, watu watatu tukiogopana, mpaka yule mtu akachungulia kati ya vidole.

"Mama mkwe?"

Mama Felana akafumbua jicho moja. "Donasy?"

"Mama mkwe! Roho nusura initoke!"

"Na yangu je? Donasy, wewe? Mume wa mwanangu?"

Aliinuka akapangusa magoti, na kadiri alivyopangusa ndivyo ujasiri ulivyomrudia. "Shemeji naye yumo," alisema aliponiona. "Haya, ukoo mzima. Mama, leo si Alhamisi?"

"Unajua ni Alhamisi, na bado umekuja?"

"Kwetu ziwani siku yetu ni Jumanne. Jumanne hunioni hata nikishika jembe. Alhamisi kwangu ni siku tu."

"Mlima huu si wa ziwani."

"Kuna mnunuzi kule mjini haulizi maswali, na Felana anataka nyumba ya bati." Alilivuta gunia lake karibu. Halafu akashusha sauti, kwa heshima kabisa, mikono miwili kifuani kama inavyompasa mkwe. "Tuelewane, Mama. Ukisema Donasy alibandua mti, watauliza ulimwona lini. Nami nitasema ukweli, ulimwona Alhamisi. Mpunga uko kwenye maua. Unajua walivyomfanya yule Bezara."

Ngurumo ilisikika mbali, upande wa bahari. Mama Felana alishtuka kama aliyechapwa.

"Basi nami sikuoni, nawe hunioni," Donasy alisema. Akabeba gunia, akamezwa na ukungu.

Mama Felana aliendelea kukaa. Baadaye alisimama, akalivua shuka lake zuri, akalizungusha kwenye shina pale palipokuwa pabichi, akafunga fundo kwa vidole tu, kama unavyomfunika mgonjwa mabega. Upande wa mashariki na sasa wa kaskazini ulikuwa uchi. Pande mbili zilikuwa bado zimevaa.

Njiani nilimsihi. "Mama, tuseme tulimwona jana. Jumatano. Nitakuunga mkono."

"Na Alhamisi ijayo?"

Nikageuka kutazama kule juu tulikotoka.

"Nikisema Jumatano, Alhamisi inabaki ya kwake. Atakuja na wenzake, watamaliza wote." Alikuwa analia na kutembea. "Laiti ningekuwa mjinga kidogo, mwanangu, nisingeliona hilo."

Kwa kuwa Alhamisi watu hawana kazi, mikutano yetu yote huwa siku hiyo, na tulipofika uwanjani tulikuta Bwana Andoniaina ameshakuja, wazee wamekaa. Anga ya mashariki ilikuwa imegeuka rangi ya jongoo. Mama Felana alisimama katikati bila shuka, mabega wazi, majani mabichi yamemganda magotini, akasema yote. Alisema ameingia. Alisema jina la mkwe wake. Felana, aliyekuwa miongoni mwa wanawake, aliinuka akaondoka bila kugeuka.

Kelele zilizofuata sitaki kuziandika. Mtu alisema sote wawili tufungiwe ndani mpaka wingu lipite. Mwingine aliniita mchawi wa vitabu. Mzee Tombolahy alipiga fimbo chini mara moja.

"Ulichukua chuma?"

"Hapana, baba. Hata pini."

"Ulikata? Ulichimba?"

"Niliketi. Nilitoa pole. Nilimfunika."

"Ulifanya kazi?"

Kabla hajajibu, Bwana Andoniaina aliruka kutoka kwenye kiti, uso umejaa furaha. Hakukohoa hata kidogo. "Kazi kubwa sana, wazee wangu! Kampuni itamlipa siku ya leo, tena maradufu!" Na mkono wake ukazama mfukoni, ukatoka na noti.

Mama Felana alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu. Alirudi kinyumenyume mpaka akagonga ukuta. "Rudisha! Rudisha hela yako, baba, unanizika kando ya njia! Unanilaza na Bezara!"

Yule bwana alibaki na mkono hewani. Uwanja mzima uliikodolea macho ile noti kana kwamba ni nyoka. Polepole, mkono ukarudi mfukoni, noti ikapotea.

"Samahani," alisema. "Sikujua."

Mzee Tombolahy aliitazama anga kuliko alivyotutazama sisi. "Kazi ina ujira," alisema mwishoni. "Huyu hana ujira. Ama alitembelea, ama alifanya kazi. Sisi si wa kuamua. Tusubiri mpunga."

Wingu lile lilipita, likamwaga maji matupu. Lakini maua ya mpunga hayaishi kwa siku moja. Kila alasiri wingu likipanda, Mama Felana aliingia chini ya kitanda, na kila mtu kijijini aliyafuata kwa macho mawingu, kisha mlango wake. Njiani walimpisha. Mtoto mmoja alimwuliza kama ni kweli atalala chini ya shamba la kahawa.

Bwana Andoniaina hakuondoka kama tulivyohofu. Alifunga ununuzi wote wa upande ule wa mlima mpaka Bibi apone, akashuka mjini kwa wanunuzi wenzake kuwaomba wasipokee gome ambalo hawajui limetoka mti gani. Baadhi walimkubalia. Mnunuzi wa Donasy alimcheka. Donasy mwenyewe, kwa hukumu ya wazee, anabeba maji ya kitalu changu kiangazi chote, na hunisalimu kwa adabu nyingi mno.

Alhamisi iliyofuata, kabla jua halijapanda, Bwana Andoniaina alipiga hodi kwa Mama Felana. Alikuwa peku. Alikuwa ameacha saa, funguo na mshipi, kwa hiyo alishikilia suruali kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika kifurushi.

"Nimeuliza watu," alisema, akakohoa. "Wameniambia mgonjwa hupelekewa sukari."

Mama Felana alimtazama kutoka juu mpaka chini. "Na meno? Huna jino la chuma?"

"Sina, Mama."

"Suruali yako ikianguka mbele ya Bibi, huo nao utakuwa mwiko."

Mzee Tombolahy hakutukataza. Hakuturuhusu pia. Alikaa mlangoni kwake tukipita, akaangalia pembeni. Alhamisi baada ya hiyo tulimkuta mke wake ametangulia, na kikapu cha wali.

Mpunga uliingia ghalani. Mawe yalianguka mara moja tu, siku ya Jumatatu, bonde la pili. Mzee Tombolahy alimletea Mama Felana mganda wa kwanza wa mpunga kwa mikono yake mwenyewe, akauweka mbele yake.

"Ulikwenda kutembelea," alisema. "Nafasi yako kando ya mumeo ipo."

Wanawake walipiga vigelegele. Felana alikuwa nao, kimya, lakini alikuwa nao. Mama Felana aliushika mganda ule, akauzungusha, akaukagua kila punje.

"Mwaka huu," alisema. "Na mwakani, baba? Mpunga si utachanua tena?"

Mzee akatazama anga. Kila Alhamisi Mama Felana bado anakwenda, na kila Alhamisi pale kwenye kisiki cha kwanza hunyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kutafuta wangu, na kiganja chake ni baridi na kimelowa.